Stepu kali ninazo kibao ila dansi yenyewe haishikani, nakosea wapi?

nyayo_kumi_na_moja aliandika:

Wakuu habari zenu. Naombeni msaada manake hili jambo limeninyima usingizi wiki nzima sasa.

Tuko kundi la watu 11 na mimi ndo nimepewa kazi ya kutunga na kupanga dansi ya dakika 5 kwa ajili ya onyesho, zimebaki wiki 5. Kucheza nimecheza miaka mingi ila kuwapangia wenzangu hii ni mara ya kwanza na nimegundua kucheza na kutunga ni vitu viwili mbalimbali kabisa. Nilivyoanza nilimwambia kila mtu alete stepu zake anazozipenda, tukaziunga moja baada ya nyingine mpaka wimbo ukaisha. Jana nikakaa na video nikazihesabu, stepu tofauti 43! Na kila moja ukiikata peke yake ni kali kweli, ila ukiziangalia zote pamoja ni kama mtu anayeongea haraka haraka bila kupumua, ukimaliza kuangalia hukumbuki hata moja. Mdogo wangu nilimwonyesha akaniuliza "sasa hapo mnacheza nini?" nikakosa jibu.

Kingine watu wangu hawalingani. Wawili wamesoma ballet tangu utotoni, watano ni wa hip hop, wanne ndo wanaanza. Na mahudhurio ni shida, leo wanakuja 9 kesho 6, kila siku nafundisha upya.

Maswali yangu: nianze na muziki au nianze na mwendo? Hawa wasiolingana niwapangeje? Na je nifute yote nianze upya au kuna namna ya kuokoa hii niliyonayo? Wimbo wetu hauna maneno, ni ala tupu, unaanza polepole unakuja kuchangamka katikati alafu unashuka.

---

robo_biti alijibu:

Mkuu usifute, punguza. Hiyo ndo dawa na ni chungu, manake itabidi umwambie mtu stepu yake imetoka.

43 kwa dakika 5 ni stepu mpya kila baada ya sekunde 7 hivi. Jicho la mtazamaji halijamaliza kuielewa ya kwanza tayari umeshamletea ya pili. Watu wengi wanaoanza kutunga wanadhani mtazamaji atachoka akiona kitu mara mbili, kumbe kuona mara ya pili ndo kunamfurahisha, anajisikia anakijua, na ya tatu ukiigeuza kidogo anashtuka vizuri. Dansi inashika kwa kurudia na kubadilisha.

Kuna ballet moja ya mtunzi wa dansi Petipa ya mwaka 1877, La Bayadère, ina sehemu ya vivuli ambapo wacheza wanashuka kwenye ngazi ya mteremko mmoja baada ya mwingine, na wote wanafanya kitu kilekile, mguu unanyooka nyuma, mwili unarudi, hatua mbele, mguu tena. Ni hicho tu. Wa kwanza anarudia mpaka wa mwisho ameingia, siku hizi kwa kawaida huwa 24 au 32, na watu bado wanakaa kimya wakiiangalia miaka yote hii. Hakuna hata stepu moja pale ambayo mwanafunzi wa ballet wa kati haiwezi, uzuri wote uko kwenye mpangilio.

Trisha Brown naye mwaka 1971 alitunga dansi akiwa amesimama palepale, anaanza na mzunguko mdogo wa ngumi huku dole gumba limenyooka, anarudia, anaongeza ishara ya pili, anarudi mwanzo, moja, moja mbili, moja mbili tatu, hivyo hivyo inajijenga yenyewe. Ukiiangalia huwezi kutoa jicho kwa sababu unasubiri nini kitaongezwa.

Sasa fanya hivi. Chagua stepu 5 au 6 kati ya hizo 43, chagua zile ambazo zikiachwa dansi haitakuwa ile tena. Chukua moja. Tuseme ya hesabu nane, mkono wa kulia unapanda biti ya 1 mpaka 3, unaanguka ghafla biti ya 4, mwili unageuka 5 na 6, unatulia 7 na 8. Hiyo moja ifanye kwa nusu ya kasi. Ifanye ukiwa umepiga magoti. Ifanye umempa mtazamaji mgongo. Ifanye ndogo mpaka ibaki vidole tu. Ianzie mwisho kurudi mwanzo. Ifanye watu wawili wakitazamana kama kioo. Tayari umepata dakika nzima na mtazamaji anatambua kila kipande kwa sababu ni ndugu wa kile cha kwanza.

Alafu kuna kupokezana, ile wanamuziki wanaita kanoni. Gawa watu wako makundi manne, kundi la kwanza linaanza biti ya 1, la pili ya 3, la tatu ya 5, la nne ya 7. La kwanza litamaliza biti ya 8, la mwisho litamaliza ya 14. Kwa hiyo una biti mbili tu za kuwakusanya wote kabla ya kuanza kitu kipya biti ya 17, na la kwanza lina biti 8 za kungoja. Hapo ndo wengi wanakosea, wanapanga kuanza kwa kupokezana vizuri ila hawajapanga waliotangulia wafanye nini wakati wanangoja, unaona watu wamesimama mikono inaning'inia hawajui waangalie wapi. Wape kitu. Hata kuganda ni kitu, ila kuganda kuwe kwa kupangwa.

---

jukwaa_tupu alijibu:

Naungana na robo_biti ila mimi nakuuliza swali lingine, kwenye hiyo video watu wako wamesimama wapi?

Nakuuliza kwa sababu umeandika habari ndefu nzuri na hujataja nafasi hata mara moja. Nina uhakika mko kwenye mistari miwili au mitatu mnatazama mbele mwanzo mpaka mwisho. Sikulaumu, ni kwa sababu tunafanyia mazoezi mbele ya kioo, basi kioo kinakuwa ndo mtazamaji na kila mtu anataka kujiona.

Kaa na karatasi. Chora mstatili ndo jukwaa, weka vifuniko 11 vya chupa au sarafu, kila kimoja ni mtu na kina alama yake. Petipa mwenyewe alikuwa anafanya hivi nyumbani kwake, anapanga vidoli vidogo mezani kabla ya kukutana na wacheza. Na jamaa Mfaransa, Feuillet, mwaka 1700 alitoa kitabu cha kuandika dansi ambacho ukikifungua unaona njia za miguu zimechorwa kama unatazama sakafu kutoka juu. Neno lenyewe koreografia linatoka kwa Wagiriki, dansi na kuandika. Kwa hiyo kuchora ni kazi yenyewe, usione unapoteza muda wa mazoezi.

Kila hesabu nane chora picha mpya kama watu wamehama, na kati ya picha na picha chora mishale. Mishale ndo muhimu kuliko picha. Fomesheni yoyote ni rahisi kuipanga, duara, pembetatu, mshazari, shida ni wanafikaje pale. Mtu akiwa kona ya nyuma kushoto na unamtaka mbele kulia kwa biti nne itabidi akimbie, na mtazamaji ataona mtu anakimbilia nafasi yake, dansi imekatika hapo. Ama umpe biti nane, ama umpeleke mtu wa karibu, ama huko kukimbia ukufanye kuwe ndo dansi yenyewe. Mimi hii ya mwisho naipenda sana, nikiona njia ni ngumu naigeuza kuwa stepu, wote wanapita katikati kwa kasi alafu wanaachana, na kumbe tumehamisha watu 11 bila mtu kujua kwamba ilikuwa kuhama tu.

Hiyo 11 ni namba nzuri mno. Haigawanyiki sawa, mkikaa tano na tano anabaki mmoja na huyo mmoja tayari ni hadithi. Saba, watatu na mmoja. Kumi wameganda mmoja anatembea, jicho lote linaenda kwake, na kinyume chake pia, kumi wanachemka mmoja amesimama kimya, bado jicho linaenda kwake. Zikilingana pande zote picha inatulia, ukiivunja ulinganifu inaanza kusumbua. Zote mbili unazihitaji, wimbo wako unaanza polepole basi unaweza kuanza umelingana na ukauvunja pale unapochangamka.

Angalia dansi yako kutoka kiti cha mwisho nyuma, na kutoka kiti cha pembeni kabisa. Kuna vitu vizuri sana ukiwa katikati na ukikaa pembeni unaona mtu mmoja tu amewafunika wanne. Na wiki mbili kabla ya onyesho wageuze wakipe kioo mgongo. Siku ya kwanza wataharibu kila kitu. Usiogope hiyo siku, bora iharibike huko kuliko stejini.

---

kimya_kwanza alijibu:

Samahani wakuu natofautiana kidogo na robo_biti hapo kwenye nane nane.

Ukitunga kila kitu kwa hesabu za nane, mikazo yote inaangukia biti ya 1, kila stepu inaanza pale pale, na baada ya dakika mbili mtazamaji anajua kabisa lini kitu kinakuja. Hiyo hisia ya mtu anayeongea bila kupumua aliyoisema mleta mada mimi naona inatoka hapo. Si wingi wa stepu peke yake, ni kwamba zote 43 zina urefu sawa. Watu tukiongea sentensi zetu haziko sawa, moja ndefu, moja neno moja tu.

Kuhusu kuanza na muziki au mwendo, kuna mtu alilipeleka hili swali mbali mpaka mwisho wake. Mtunzi wa dansi Merce Cunningham na mtunzi wa muziki John Cage walikuwa wanafanya kazi kila mtu kivyake, wanakubaliana urefu tu, dakika ngapi, alafu dansi na muziki vinakutana siku ya onyesho. Mara nyingi wacheza walikuwa wanausikia muziki kwa mara ya kwanza hapo hapo stejini mbele ya watu. Mazoezi yao ni kimya na saa ya kupimia sekunde. Na Cunningham alikuwa anarusha sarafu kuamua stepu ipi ifuate ipi, kwa sababu akili ya mtu ukiiachia inarudi kwenye mazoea yake. Sisemi ufanye hivyo na watu wanne wanaoanza. Nasema zima muziki nusu saa kila mazoezi. Muziki unaficha mengi, stepu mbovu ikikaa juu ya ngoma nzuri inaonekana nzuri. Ukizima utasikia miguu, utasikia pumzi, utajua nani anaongoza na nani anafuata.

Na hawa watu wajifunze kuhisiana. Mwaka 1913 kule Paris ilipochezwa ballet ya Le Sacre du printemps mara ya kwanza, watazamaji walipiga kelele mpaka wacheza hawasikii okestra, na Nijinsky aliyetunga ile dansi ikabidi apande juu ya kiti pale pembeni ya jukwaa awe anawapigia hesabu kwa sauti. Fikiria presha hiyo. Kelele za kupenda nazo zinafunika muziki vilevile, watu wakianza kushangilia biti inapotea, na kama kundi halina hesabu yake ndani linasambaratika.

Kabla ya stepu yoyote usikilize wimbo wako mara kumi umefumba macho na uandike, hapa unapumua, hapa unabeba, hapa kuna ala mpya imeingia, hapa unaniangusha. Alafu amua ni wapi utaufuata na ni wapi utauacha upite. Muziki ukichangamka na wewe ukatulia tuli, nakuhakikishia ukumbi mzima utakuangalia.

---

robo_biti alijibu:

@kimya_kwanza nakubali kuhusu urefu, sentensi ziwe za nane, za tano, za kumi na mbili, sawa kabisa. Ila kwa watu wanne ambao ndo wanaanza lazima uwape namba kwanza. Mtu mgeni ukimwambia ahisi anaogopa, ukimwambia biti ya 4 mkono unaanguka anakuwa na pa kushika. Wape namba, zikishakaa mwilini wazitoe mdomoni. Wale wa ballet na wale wa hip hop nao wanahesabu tofauti, mmoja anaisikia biti juu, mwili unapaa, mwingine anaisikia chini, goti linakunjika. Namba ndo lugha yao ya pamoja mpaka wazoeane.

---

nyayo_kumi_na_moja aliandika:

Aisee asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Jukwaa_tupu umenisoma kama ulikuwepo, ni kweli mistari mitatu mwanzo mwisho.

Bado nina mawili. Lile la wasiolingana na mahudhurio hakuna aliyeligusa vizuri. Na lingine limeibuka leo, mmoja wetu stepu zake tatu kumbe alizitoa moja kwa moja kwenye video ya kundi lingine, zimefuatana vilevile na mikono vilevile. Nimwambie nini? Manake ni kati ya zile nilizotaka kubaki nazo.

---

goti_la_zamani alijibu:

Mwanangu hujambo. Mimi ni mama, nimefundisha dansi zaidi ya miaka thelathini, sasa magoti yamenikatalia ila macho bado yapo.

Habari ya mahudhurio nikupe kisa. Balanchine, mtunzi wa ballet kutoka Urusi, alipofika Marekani akaanza darasa lake mwaka 1934, akaanza kuwatungia wanafunzi dansi juu ya muziki wa Tchaikovsky. Jioni ya kwanza walikuja wasichana 17, akapanga kwa 17. Siku nyingine wakaja 9, akapanga kwa 9. Nyingine wakaja 6, akapanga kwa 6. Msichana mmoja akachelewa, kule kuchelewa akakuweka ndani ya dansi. Mwingine akaanguka, na kuanguka nako kukaingia. Ndiyo Serenade, na inachezwa mpaka leo. Aliangalia nani yupo mbele yake akatunga kwa hao waliopo. Wewe unafundisha upya kila siku kwa sababu dansi yako inadai watu 11 kila sekunde. Tengeneza vipande, hiki cha watu 6, hiki cha watatu, hiki cha mmoja, siku wakija 6 fanya cha 6. Vile vya wote 11 viwe viwili au vitatu tu, na siku za hivyo watu wazijue mapema kabisa. Na kila nafasi ijulikane na watu wawili, mwenye nayo na wa akiba.

Wasiolingana. Usiwafiche wanaoanza nyuma, nakuomba sana. Mtu aliyefichwa anajua amefichwa na mwili wake unasema hivyo mpaka kiti cha mwisho. Wape vichache na viwe vyao, kutembea, kugeuka, kukaa, kunyanyua uso. Kutembea vizuri stejini ni kugumu kuliko kuruka, na mtu ambaye hajafundishwa sana mara nyingi anatembea kwa ukweli zaidi kuliko mwenye ballet. Ila wasiwe peke yao mbele kwenye kipande kigumu, wawe na mtu wa kumwona kwa pembe ya jicho, na mkigeuka upande mwingine kumbuka yule aliyekuwa nyuma sasa ndiye wa mbele, kwa hiyo panga mwenye kujua pande zote mbili. Hili la kugeuka watu husahau.

Ulisema mdogo wako aliuliza mnacheza nini. Hilo swali ni la thamani, usilipite. Si lazima iwe hadithi ya fulani alikufa fulani akalia, inaweza kuwa jambo moja tu, kungoja, kugombania nafasi, mtu kurudi. Pina Bausch kule Ujerumani alikuwa anawauliza wacheza wake maswali, na wao wanamjibu kwa mwendo, kwa maneno, kwa kitendo, na kutoka kwenye majibu hayo ndipo anajenga. Wakalishe watu wako chini uwaulize swali moja, mkono wako unafanyaje ukimngoja mtu asiyekuja? Utapata mikono 11 tofauti, na hapo kutolingana kwao kunakuwa mali yako.

Mwisho nakusihi kuhusu miili yao. Sakafu ya saruji si ya kurukia kila siku, ruka chache, zilizobaki pitisheni kwa nusu nguvu. Kumbeba mtu juu kufundishwe pole pole na wa pembeni wa kudaka wakiwepo. Mimi nilishawahi kuweka kubebana kwenye dakika ya nne ya dansi ngumu, mazoezini tulikuwa tunakifanya kile kipande peke yake watu wakiwa wamepumzika, siku tulipounga yote mfululizo mikono ya yule kijana ilikuwa imekwisha, binti akashukia bega. Alipona, lakini hata leo nikitunga nahesabu pumzi kama ninavyohesabu biti. Kigumu zaidi kiweke ambapo bado wana nguvu, na kabla yake wape sekunde kumi za kutembea.

---

hati_na_haki alijibu:

Nijibu hilo la stepu za video.

Stepu moja moja haina mwenyewe, hakuna mtu anayemiliki kugeuka au kuruka, wote tunaokota kwa wote na ndivyo dansi inavyoishi. Ila mfuatano mzima ambao mtu ameutunga, stepu hii ikifuata hii na mikono hivi na nafasi hivi, hiyo ni kazi yake. Sheria zinatofautiana nchi na nchi. Kwa Marekani mfano, sheria yao ya hakimiliki ya mwaka 1976, iliyoanza kutumika 1978, inataja kazi za koreografia waziwazi, ila haizihesabu stepu za kijamii ambazo kila mtu anazicheza, wala mfuatano mfupi mfupi. Na kabla ya hapo, mwaka 1952, mtunzi wa dansi Hanya Holm alisajili dansi zake za igizo la muziki Kiss Me, Kate kwa sababu zilikuwa zimeandikwa kwa alama za dansi, akawa wa kwanza kule.

Lakini hata ukiacha sheria kuna heshima. Mwambie mwenzako kwa upole, hajafanya uovu, amependa kitu. Mna njia tatu, muwaombe wale wenyewe ruhusa na muwataje, au mzitoe, au mchukue lile wazo lililomvutia mlifanyie kazi mpaka lisifanane tena. Muulize ni nini hasa alichokipenda mle ndani. Akisema ni vile mwili unaanguka na kudakwa mwishoni kabisa, basi tungeni kuanguka kwenu.

Na wewe uandike yako. Video moja kutoka mbele, moja kutoka nyuma, ya nyuma ndo inasaidia kufundishia kwa sababu kulia ni kulia. Alafu karatasi za jukwaa_tupu zihifadhi. Alama za kitaalamu zipo, Laban alitoa mfumo wake 1928, na Benesh mume na mke walitoa wao 1956, dansi inaandikwa juu ya mistari mitano kama nota za muziki, ila kwa kazi yako video na michoro inatosha. Hiyo Sacre aliyoitaja kimya_kwanza ilichezwa mara chache tu na haikuandikwa ipasavyo, ikapotea. Millicent Hodson alitumia miaka kuokota michoro ya watu waliokuwepo, maandishi kwenye karatasi za muziki na kumbukumbu za waliobaki hai, mpaka ikachezwa tena na kundi la Joffrey Ballet mwaka 1987. Miaka 74 baadaye! Inaniuma kila nikifikiria ni dansi ngapi zimepotea ambazo hakuna mtu aliyezitafuta.

---

nyayo_kumi_na_moja aliandika:

Shikamoo mama goti_la_zamani, na asanteni wote. Nimekaa kimya siku 12 kwa sababu nilikuwa nafanyia kazi.

Tumebaki na stepu 6. Kuna wawili walinuna siku mbili, nikawaonyesha video ya zamani na ya sasa bila kusema neno, wakaelewa wenyewe. Yule wa stepu za video nilimuuliza kama ulivyosema hati_na_haki, akasema alichopenda ni jinsi wote wanavyogeuza shingo kabla ya mwili, basi shingo ikawa ndo mlango wetu, kila tunapobadilisha kitu shingo inatangulia.

Lile swali la kumngoja mtu asiyekuja niliwauliza. Sikutegemea. Mmoja wa wale wanaoanza alikaa tu akawa anapangusa goti lake kwa kiganja, polepole, mara nyingi, na sisi wote tukanyamaza. Hiyo imekuwa stepu ya kwanza ya dansi nzima na anaianza yeye. Wale wawili wa ballet wanaipokea wakiwa wamesimama, inakuwa mkono unapita hewani, wale wa hip hop wanaikata vipande vipande pale wimbo unapochangamka. Goti moja limetupa dakika mbili!

Kuzima muziki nako tumefanya, kimya_kwanza ulikuwa sahihi, niligundua watu watatu walikuwa wanamfuata mtu ambaye mwenyewe alikuwa anachelewa robo biti kila mara.

Limebaki moja, mwisho. Wimbo unashuka na sisi hatujui pa kwenda, tumejaribu kuganda wote kwa pozi ila naona kama tumebandika.

---

jukwaa_tupu alijibu:

Pozi la mwisho mnalijua wenyewe tu, mtazamaji halijui, ndo maana linaonekana limebandikwa. Mrudishie kitu anachokijua. Goti lipo. Nani analipangusa mwishoni, yuleyule au mwingine? Yuko peke yake au wote? Amekaa palepale alipoanzia? Ukibadilisha kimoja tu kati ya hivyo inatosha.

---

goti_la_zamani alijibu:

Na mwisho usiuchelewe mwanangu. Ukiona umefika, taa zizime. Dansi nyingi nzuri nimeziona zinapita mwisho wao kwa nusu dakika.

---

nyayo_kumi_na_moja aliandika:

Leo wamekuja 10, na ilikuwa siku ya wote. Asiyekuja ni yuleyule wa goti, ana mtihani. Nikasema tusiweke wa akiba, tuiache nafasi yake wazi tuone. Tulipofika mwisho kumi wote wakajikuta wanageuza shingo kuitazama ile nafasi tupu na wimbo ukaisha hapo, sikuwa nimewapangia hivyo.

Nimeichora kwenye karatasi sasa hivi, kifuniko chake nimekiweka nje ya mstatili. Kuanzia kesho yeye anaanza dansi, na kabla wimbo haujashuka anatoka. Amebakiwa na biti 12 za kufika pembeni bila kukimbia, nikimpitisha nyuma ya wale watatu nadhani zinatosha. Alafu Jumatatu tunakipa kioo mgongo.